Mota ya Guta la Umeme: Wati 1,000, 1,500, 2,000 au 3,000?

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki hapa karakana, Mwanza, ni moja: "Fundi, niweke mota ya wati ngapi?" Anayeuliza huwa ameshaona kwenye simu picha ya guta la umeme, yaani chombo cha mizigo cha tairi tatu, ameshaambiwa bei, na mara nyingi ameshaamua moyoni kwamba 1,500 inatosha kwa kuwa jirani yake anayo hiyo. Kabla ya kumjibu namuuliza: mzigo wako mzito kuliko yote unaupeleka wapi? Akisema anatoka Mwaloni Kirumba kwenda Pasiansi, tunamalizana haraka. Akisema Mabatini, kule juu kwenye mawe, au Isamilo, namwomba avute kiti tuagize chai.

Kinachochagua mota ni mlima wako mbaya kuliko yote, ukiwa na mzigo. Barabara tambarare inasamehe karibu kila mota. Mlima hausamehi. Na mlimani, namba ya wati iliyoandikwa kwenye kibati haikwambii hata nusu ya habari.

Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue guta moja na tulibadilishie mota tu. Guta lenyewe pamoja na betri ni kilo 230, dereva kilo 70, na nyuma kuna mifuko sita ya saruji, yaani kilo 300. Jumla kilo 600. Tairi, kutoka katikati ya ringi hadi chini, ni sentimita 27. Mota inazunguka mara 3,000 kwa dakika ikiwa kwenye mwendo wake, na inasukuma difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili. Kwenye gia ya kawaida mota inazunguka mara 10 ndipo tairi lizunguke mara moja. Kwenye gia ya mlima inazunguka mara 18.

Kilo za kuvuta kwanza, wati baadaye

Wafikirie makuli wawili pale Mwaloni. Mmoja anabeba mfuko mmoja mmoja kwa mbio, mwingine anabeba miwili miwili kwa hatua za taratibu. Jioni wamehamisha mifuko sawa. Hizo ndizo wati: kazi iliyofanyika kwa muda fulani. Lakini ukileta gunia la kilo 100 lisilogawanyika, yule wa kwanza hataliinua hata umpe siku nzima. Mlima ni gunia lisilogawanyika. Unadai nguvu ya kuvuta, na usipokuwa nayo hupandi.

Nguvu hiyo unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Chukua uzito wote, uzidishe kwa asilimia ya mwinuko ukijumlisha asilimia ya ugumu wa njia, kisha ugawe kwa 100. Unapata kilo ambazo tairi lazima livute. Ugumu wa njia ni takribani 1.5 kwa lami nzuri, 3 kwa vumbi gumu lililoshindiliwa, na 10 au zaidi kwa mchanga laini na tope.

Mwinuko unaupima kwa pimamaji ya fundi mwashi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, uweke juu ya barabara ukielekea mlimani, inua ncha ya upande wa chini mpaka pimamaji ikae sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa sentimita 8, mwinuko ni asilimia 8. Pima sehemu kali kuliko zote, usipime wastani. Nimeona watu wakipima kwa macho kutokea kwenye pikipiki ya petroli na wote huukadiria mlima kuwa mdogo, maana enjini ilikuwa ikiwafichia.

Kwa guta letu la kilo 600, haya ndiyo madai ya njia:

| Njia | Kilo za kuvuta |
|---|---|
| Lami tambarare, kilomita 25 kwa saa (pamoja na upepo) | 12 |
| Vumbi gumu, tambarare (pamoja na upepo) | 20 |
| Lami, mwinuko wa asilimia 8 | 57 |
| Vumbi gumu, mwinuko wa asilimia 10 | 78 |

Na hivi ndivyo kila mota inavyoweza kuvuta mchana kutwa bila kuungua, nikiwa nimeshaondoa sehemu moja ya kumi inayopotea kwenye difu:

| Mota | Gia ya kawaida | Gia ya mlima |
|---|---|---|
| Wati 1,000 | kilo 11 | kilo 19 |
| Wati 1,500 | kilo 16 | kilo 29 |
| Wati 2,000 | kilo 22 | kilo 39 |
| Wati 3,000 | kilo 32 | kilo 58 |

Zitazame hizo jedwali mbili pamoja. Kwenye lami tambarare mota ya 1,000 inakaribia kutosha kabisa. Kwenye mlima wa vumbi wa asilimia 10 hata ile ya 3,000, ikiwa na gia ya mlima, haifiki. Inafanyaje kazi basi? Kwa kuazima. Mota ya umeme inaweza kuvuta mara mbili ya kiwango chake kwa dakika moja au mbili, na hata mara tatu kwa sekunde chache za kuondoka, mradi kontrola, yaani kisanduku kinachoamua umeme kiasi gani uingie kwenye mota, inaruhusu. Kisha inadai ipoe. Kwa hiyo swali halisi kwa kila mlima ni: nitaazima kiasi gani, na kwa muda gani?

Moto unatoka wapi

Nguvu ya kuvuta inatokana na ampia zinazopita kwenye waya wa shaba ndani ya mota. Ukitaka kuvuta mara mbili, ampia zinakuwa mara mbili, lakini joto linakuwa mara nne. Ukivuta mara tatu, joto ni mara tisa. Shaba nayo ikipata moto inakuwa ngumu zaidi kupitisha umeme: ikipanda nyuzi 100, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 40, na joto linazidi tena. Kinachofuata ni harufu ya vanishi iliyopakwa kwenye waya, kufa kwa vihisi vya ndani vinavyoiongoza kontrola, na mwisho sumaku kupungua nguvu. Sumaku ikishapungua, mota itazunguka lakini haitavuta kama zamani, na hakuna dawa ya mtaani ya kuirudisha.

Hapa kuna kosa nililowahi kulifanya na ambalo bado linaniuma. Mama mmoja anayepeleka maji na soda mlimani aliniletea guta la wati 1,000 lililokuwa likinuka. Nikamshauri dereva wake apande polepole ili mota isiumie. Mota iliungua ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nimemshauri kama mtu wa petroli. Guta lenye gia moja likipanda mlima uleule na mzigo uleule linadai kilo zilezile za kuvuta, liende kwa kilomita 12 au kwa kilomita 5 kwa saa. Kilo zilezile ni ampia zilezile kwenye shaba, na joto lilelile kila sekunde. Tofauti ni kwamba kwa kilomita 5 mota inakaa kwenye moto huo zaidi ya mara mbili ya muda. Kupanda polepole kuliipika.

Dawa yake ni tatu tu: punguza mzigo, badili gia, au weka mota kubwa. Yule mama tulimwekea difu yenye gia ya mlima na mota ya 1,500, na akakubali kugawa mzigo mara mbili kwenye ile njia kali. Mlima wake ni mfupi, hauzidi dakika mbili. Linapanda mpaka leo.

Wati 1,000

Ni mota ya barabara tambarare na mzigo mwepesi. Mwenye duka anayetoa bidhaa stoo kupeleka dukani, muuza mkate, mtu wa Unguja Mjini au wa Kirumba ambaye hapandi popote. Kwa lami inatosha, kwa vumbi iendeshwe kwenye gia ya mlima. Kwa mzigo wa kilo 300 kwenye lami ya asilimia 8 inadaiwa mara tatu ya uwezo wake hata kwenye gia ya mlima. Itaondoka, utafurahi, na baada ya sekunde kadhaa utaanza kuinusa. Kwa mji wa miamba kama wetu simshauri mtu wa mizigo aichukue, hata akiwa na bajeti ndogo, kwa sababu atainunua mara mbili.

Wati 1,500

Hii ndiyo inayouzwa sana na ndiyo inayolalamikiwa sana, na sababu zote mbili ni moja: watu wanainunua bila kuuliza kuhusu gia. Yenye gia ya kawaida pekee inavuta kilo 16. Yenye gia ya mlima inavuta 29. Kwa namba hizo, 1,500 yenye gia ya mlima inakaribia sana 3,000 isiyo nayo, ambayo ni 32. Rudia kuisoma sentensi hiyo kabla hujatoa pesa. Muuzaji atakwambia ongeza hela uchukue mota kubwa, kumbe ungeongeza kidogo kwenye difu ungepata karibu nguvu ileile.

Tofauti yao ni mwendo. Kwenye gia ya mlima guta hili litaishia kilomita 17 kwa saa, kwenye ya kawaida linafika 30. Unabadilisha kwa kusimama, unavuta mkono wa gia, unaendelea. Dereva akizoea kubadili chini ya mlima, kabla hajaanza kupanda, hatapata shida. Akisubiri mpaka guta ligome katikati, atakuwa ameshaipa mota moto, na itabidi aweke jiwe nyuma ya tairi.

Kwa mlima wa lami wa asilimia 8 inaazima mara mbili. Kwa kilomita 12 kwa saa, dakika moja ni mita 200. Mlima wa mita 200 hadi 300 unapita vizuri. Mlima wa kilomita nzima, hapana.

Wati 2,000

Kwa guta la mizigo la Mwanza, na kwa miji yenye miinuko kama Mbeya au Lushoto, hapa ndipo ningeweka pesa zangu. Ikiwa na gia ya mlima inavuta kilo 39, hivyo kwenye lami ya asilimia 8 inaazima mara moja na nusu tu, jambo inaloweza kulivumilia kwa dakika kadhaa. Kwenye vumbi la asilimia 10 inaazima mara mbili: dakika moja au mbili, basi. Tambarare inafanya kazi chini ya uwezo wake, haipati moto, na mota isiyopata moto inadumu miaka.

Sharti lake ni volti. Wati 2,000 za mota zinahitaji karibu 2,400 kutoka kwenye betri, kwa sababu sehemu inapotea njiani. Kwa volti 48 hizo ni ampia 50. Kwa volti 72 ni ampia 33. Joto kwenye nyaya linafuata ampia kwa kanuni ileile ya mara mbili kuwa mara nne, kwa hiyo nyaya zilezile zitapoteza zaidi ya mara mbili kwenye 48 kuliko kwenye 72. Kuanzia wati 2,000 sikubali kufunga chini ya volti 60, na mteja akiniuliza ningechagua nini, ni 72.

Wati 3,000

Ni kwa mlima mrefu au mzigo unaozidi kilo 400. Ikiwa na gia ya mlima inapanda lami ya asilimia 8 na mifuko sita bila kuazima kitu, kilo 58 kwa 57. Ni nguvu ya kweli. Lakini kwenye volti 60 inataka ampia 60, na hapo betri za asidi za ukubwa wa kawaida zinalia. Betri ya ampia-saa 32 imetengenezwa itoe kama ampia 16 kwa saa mbili. Ukiikamua ampia 60, inashuka volti papo hapo, kontrola inakata, na wiki kadhaa baadaye unabadilisha seti. Kwa 3,000 panga lithiamu, na uulize seti hiyo inaruhusu kutoa ampia ngapi mfululizo. Gharama kubwa haiko kwenye mota, iko hapo.

Na kuna breki. Mota hii inaweza kupandisha kilo 700 mahali ambapo breki za guta la bei nafuu haziwezi kuzishusha salama. Nimekataa kumfungia mtu 3,000 kwenye fremu yenye breki za kamba, akanikasirikia na kwenda kwa fundi mwingine. Afadhali nikose kazi hiyo.

"Mota kubwa inakula betri"

Nimelisikia hili kwa watu wazima wenye akili zao. Haliko hivyo. Kuvuta kilo 12 kwa kilomita moja kunagharimu kiasi kilekile cha umeme, mota iwe ya 1,000 au ya 3,000. Kwa guta letu, lami tambarare, ni kama wati-saa 44 kwa kilomita, yaani yuniti moja ya LUKU inayofika kwenye betri inakupeleka kilomita 22 au 23. Mota ndogo iliyolemewa ndiyo inayopoteza zaidi, kwa kuwa umeme unageuka joto.

Kinachokula betri ni mwendo na milima. Upepo kwa kilomita 40 kwa saa unadai wati mara nne ya zile unazodai kwa 25. Kupandisha kilo 600 kwenda juu mita 50 kunakula sawa na kwenda kama kilomita 2 na nusu tambarare. Mwenye mota kubwa anaishiwa haraka kwa sababu mkono wake umezoea kukamua. Unaweza kuifunga kontrola isizidi mwendo fulani, na dereva wa kuajiriwa ukimfungia kilomita 25 utaona tofauti jioni.

Mota ya ndani ya ringi na petroli, kwa ufupi

Mota iliyo ndani ya ringi haina difu, haina gia, haina kelele. Kwa skuta au pikipiki inafaa, kwa sababu pikipiki na abiria wake ni kama kilo 250 tu. Kwa guta la mizigo, hapana. Ya wati 1,500 inayozunguka mara 450 kwa dakika inavuta kama kilo 12, na joto lake limefungiwa katikati ya gurudumu ambako halina njia nzuri ya kutokea.

Wanaotoka kwenye petroli huniuliza inawezekanaje enjini ya sisi (cc) 150, yenye karibu wati 9,000, ibadilishwe na mota ya 2,000. Hizo 9,000 zinapatikana enjini ikilia karibu na mwisho wake, na mjini hakuna anayeendesha hivyo. Mota inatoa nguvu yake yote ya kuvuta kuanzia inaposimama. Halafu sisi tuko juu: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaipunguzia enjini ya petroli karibu sehemu moja ya kumi. Mota ya umeme haivuti hewa. Lakini kwenye mlima mrefu, mzigo umejaa, enjini ya 150 itakupita, na mtu akikwambia vingine anakuuzia.

Ukiwa kwa muuzaji

Soma kibati cha kontrola kabla ya kile cha mota. Zidisha volti kwa ampia zake za juu. Mota ya "2,000" iliyofungwa kontrola ya ampia 25 kwenye volti 60 haipokei zaidi ya wati 1,500, hata iandikwe nini. Kisha tafuta mizunguko ya mota kwa dakika. Mota mbili za wati sawa, moja ya mizunguko 3,000 na nyingine ya 4,500, hazivuti sawa: gawa wati kwa mizunguko, yenye jibu kubwa ndiyo yenye msuli.

Mwisho hesabu gia mwenyewe, usiambiwe. Weka jeki chini ya tairi moja la nyuma, liinuke, lile lingine libaki chini. Tia alama ya chaki kwenye tairi lililoinuka na kwenye shafti ya mota. Zungusha tairi mara mbili kamili, siyo mara moja, kwa sababu upande mmoja wa difu ukiwa umeshikwa, upande wa pili unazunguka mara mbili. Mizunguko ya mota utakayoihesabu ndiyo gia yako. Ukipata 10, vuta mkono wa gia ya mlima na uhesabu tena. Ukipata 10 tena, hakuna gia ya mlima, kuna mkono tu.